Historia ya Hedifoni: Mahali Kwanza, Sauti Baadaye

Duka lolote linalouza hedifoni huziuza kwa sifa ya sauti. Besi nzito, sauti safi, muziki unaotikisa: hayo ndiyo maneno yaliyochapishwa kwenye maboksi, ndiyo anayoyarudia muuzaji, na ndiyo wanayobishania wapenzi wa muziki wanapolinganisha walivyonavyo. Ndiyo maana watu wengi huchukulia kwamba historia ya kifaa hiki ni historia ya sauti iliyokuwa ikiboreshwa mwaka hadi mwaka, na kwamba hedifoni iliyopendwa kupita nyingine katika kila zama ndiyo iliyokuwa na sauti bora ya zama zake. Nadhani dhana hiyo haisimami mbele ya ushahidi. Tangu mwisho wa karne ya 19, hedifoni zilizoshinda ni zile zilizojibu swali la mahali: msikilizaji yuko wapi, amezungukwa na nani, kelele gani zinamwingilia, na nani ataudhika na muziki wake. Sauti ilihesabiwa, tena sana, lakini ilihesabiwa baada ya swali hilo kupata jibu. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu anayechagua hedifoni kwa kuanzia kwenye sauti mara nyingi huishia na kifaa kizuri kinacholala kabatini, na wakati mwingine huishia kuyaumiza masikio yake.

Muziki ulianza kufika masikioni kwa waya kabla redio haijakuwepo. Mwaka 1881, katika Maonyesho ya Kimataifa ya Umeme yaliyofanyika Paris, mhandisi Mfaransa Clément Ader alipanga maikrofoni za simu ukingoni mwa jukwaa la Opera, akavuta nyaya hadi kwenye jengo la maonyesho. Kila msikilizaji alipewa visikizi viwili, kimoja kwa kila sikio, na kila kisikizi kilikuwa kimeunganishwa na maikrofoni yake. Waliotega masikio walishangaa kuweza kumfuata mwimbaji akihama kutoka upande mmoja wa jukwaa kwenda wa pili, jambo ambalo leo tunaliita stereo. Kuanzia 1890 kampuni ya Théâtrophone iligeuza ugunduzi huo kuwa huduma ya kulipia. Mashine zake ziliwekwa katika hoteli na migahawa ya Paris, na sarafu ya senti 50 ilimpa mtu dakika tano za opera. Wenye uwezo zaidi waliunganishiwa majumbani. Mwandishi Marcel Proust, aliyesumbuliwa na pumu na kukaa ndani kwa muda mrefu, alijiandikisha mwaka 1911 akawa anasikiliza kazi za Wagner na Debussy bila kutoka nyumbani. Sauti ya simu za wakati ule ilikuwa hafifu, ya mikwaruzo, na besi karibu haikuwepo kabisa. Wateja wa Théâtrophone walijua vizuri muziki wa kweli unavyosikika, maana ukumbi wa Opera ulikuwa mjini mwao. Walilipa kwa sababu kisikizi kiliwapeleka mahali ambapo mwili haukuweza kufika jioni ile, na huduma hiyo ikaendelea hadi 1932.

Kichwani, hata hivyo, hedifoni ilipandishwa na kazi. Maopereta wa simu walihitaji mikono yote miwili kuchomeka na kuchomoa nyaya kwenye ubao wa kuunganishia wateja, hivyo kisikizi kikafungwa kichwani ili mikono ibaki huru. Ile pini nene ya milimita 6.35 inayotumika hadi leo kwenye vifaa vya studio imetoka kwenye ubao huo wa simu. Mwaka 1891 Mfaransa mwingine, Ernest Mercadier, alipata hataza ya Marekani ya visikizi vidogo vya kutia sikioni, vyenye uzito usiozidi gramu 50, vilivyovishwa mpira. Hataza yake inaeleza kazi mbili za mpira huo: kupunguza msuguano kwenye tundu la sikio, na kuzuia kelele za nje zisiingie. Mtu akiyasoma maelezo hayo leo atadhani yameandikwa kwa ajili ya iafoni iliyotoka kiwandani mwaka huu. Mercadier alikuwa ameshaona kwamba opereta aliyekaa kwenye chumba cha makelele hawezi kufaidi sauti yoyote, iwe nzuri kiasi gani, mpaka kwanza chumba chenyewe kinyamazishwe.

Kisa cha Nathaniel Baldwin kinaonyesha jambo hilo hilo kwa upande mwingine. Baldwin alikuwa fundi wa Utah, Marekani, ambaye mwaka 1910 alilipelekea jeshi la majini la nchi yake visikizi alivyotengeneza mwenyewe. Maofisa walivijaribu wakakuta vinashika mawimbi hafifu ya redio kuliko vyote walivyokuwa navyo. Wakaagiza, na jibu lake likawa kwamba hawezi kupokea oda ya zaidi ya seti kumi kwa wakati mmoja, kwa sababu anazitengenezea jikoni kwake. Hapa kuna ushahidi dhidi ya hoja yangu, na haufai kufichwa: jeshi lilimchagua Baldwin kwa sababu ya usikivu wa kifaa chake. Lakini tuangalie usikivu huo ulitakiwa wapi. Opereta wa redio melini alikuwa akisaka alama dhaifu za Morse kutoka mbali, akiwa ndani ya chombo cha chuma chenye mitambo inayonguruma, zamu baada ya zamu. Na lalamiko ambalo jeshi lilikuwa nalo kuhusu kifaa hicho kizuri lilihusu utepe wa kichwani, kwamba unaumiza. Baldwin akautengeneza upya kwa fito za waya zinazorekebishika na kuvishwa ngozi. Umbo hilo, upinde kichwani na vikombe viwili vinavyopanda na kushuka, ndilo bado tunalolivaa.

Ushahidi mzito zaidi unatoka miaka ya 1920, wakati redio ilipoingia majumbani. Stesheni ya KDKA ya Pittsburgh ilianza matangazo yake Novemba 1920, na BBC ikaanza London Novemba 1922. Redio za bei nafuu za wakati huo zilikuwa za kioo cha madini: hazikuwa na betri wala umeme wa ukutani, zilitumia nguvu ya mawimbi yenyewe yaliyonaswa na antena. Nguvu hiyo haikutosha kutikisa spika, ilitosha tu kutikisa kiwambo chembamba kilichobanwa sikioni. Kwa hiyo mamilioni ya watu wakajikuta wamevaa hedifoni bila kuzichagua. Na walifanya nini nazo? Walizitenganisha, mume akachukua sikio moja na mke jingine. Au waliziweka ndani ya bakuli la kauri mezani, bakuli likakuza sauti kidogo, familia nzima ikainama kulizunguka. Redio za valvu zenye spika zilipoanza kupatikana kwa bei ya kawaida, hedifoni zilitoweka sebuleni kwa muda mfupi mno. Kama watu wangekuwa wamezipenda kwa sauti yake wangezihifadhi kwa ajili ya saa zao za faragha, kwani hedifoni nzuri ya 1930 haikuwa na sababu ya kuionea haya spika ya 1930. Hawakuzihifadhi, kwa sababu mahali pao pa kusikilizia palikuwa sebule, na sebule ni ya watu wengi. Zilibaki kwa rubani, opereta wa simu, mwanajeshi wa mawasiliano na fundi wa studio, yaani kwa watu ambao mahali pao pa kazi palizidai.

Katika miaka hiyo ya ukame ndipo teknolojia yenyewe ilipopiga hatua kubwa. Mwaka 1937 kampuni ya Eugen Beyer ya Berlin ilitoa DT 48, hedifoni ya kwanza kutumia mtindo wa koili inayocheza ndani ya uga wa sumaku, mtindo ule ule wa spika, ukiwa umefinywa uingie kwenye kikombe cha sikio. Hedifoni nyingi tunazotumia sasa ni wajukuu wa kifaa hicho. DT 48 ilisifiwa, ikatumika katika redio na hata katika vipimo vya usikivu hospitalini, ikaendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 70. Lakini haikumfanya mpenzi wa muziki wa kawaida aache spika yake. Sauti bora ilikuwa imeshapatikana, na soko halikusogea.

Soko lilisogezwa na mtu aliyekuwa akikodisha televisheni hospitalini. John Koss wa Milwaukee, Wisconsin, alipata riziki yake kwa kuwawekea wagonjwa televisheni vitandani, na bila shaka wodi ni shule nzuri ya kujifunza kwamba burudani ya mtu mmoja ni kero ya jirani yake. Mwaka 1958, yeye na mhandisi Martin Lange walitengeneza gramafoni ya kubebeka yenye sehemu ya kusikilizia peke yako, wakaunganisha hedifoni za kuionyeshea. Walipoipeleka kwenye maonyesho ya vifaa vya sauti mjini humo, watu waliipita gramafoni wakazing'ang'ania hedifoni. Hizo ndizo SP/3, mara nyingi huhesabiwa kuwa hedifoni za kwanza za stereo zilizouzwa kwa wasikilizaji wa muziki. Santuri za stereo zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia madukani, na hapa mtetezi wa sauti ana haki ya kusema kwamba stereo ndiyo iliyoziuza. Ni kweli kwa sehemu. Lakini stereo ingeweza pia kupatikana kwa spika mbili, na waliokuwa na sebule kubwa, majirani wa mbali na watoto wasiolala mapema walifanya hivyo. Hedifoni ilimfaa aliyeishi kwenye nyumba ya kuta nyembamba na aliyetaka kusikiliza muziki kwa sauti kubwa usiku wa manane.

Pingamizi kubwa kuliko yote dhidi ya hoja yangu ni Sennheiser HD 414. Ilitolewa mwaka 1968 na kampuni ya Kijerumani iliyoanzia kijiji cha Wennebostel karibu na Hannover, na imeuzwa zaidi ya vipande milioni 10, idadi ambayo ni hedifoni chache sana za muziki zilizowahi kuifikia. Wanaoihusudu husema ilipendwa kwa sauti yake ya wazi, isiyobanwa. Basi tuitazame kwa karibu. Hedifoni za kabla yake zilikuwa vikombe vizito vilivyofungwa kila upande, vinavyokaza kichwa na kutoa jasho. HD 414 ilikuwa ya plastiki nyepesi, utepe mwembamba, na badala ya kikombe ilikuwa na kitufe bapa kilichofunikwa sponji ya manjano iliyokaa juu ya sikio bila kuliziba. Nyuma ya kiwambo palikuwa wazi, hewa ikapita pande zote mbili. Sponji ilitoka na kuoshwa, waya ulichomoka na kubadilishwa. Ni kweli kwamba uwazi ule uliifanya sauti isikike kana kwamba inatoka chumbani. Lakini uwazi huo huo una maana moja tu kimatumizi: kila kelele ya nje inaingia, na muziki wako wote unatoka. Hedifoni ya namna hiyo haina kazi ndani ya basi wala karakana. Ilipendwa Ulaya ya 1968 kwa sababu kulikuwa na mahali papya pa kuitumia: chumba tulivu cha kijana mwenye gramafoni yake, katika nyumba yenye wazazi chumba cha pili. Angeisikia simu ikilia na mama akiita. Sauti nzuri ya HD 414 ilikuwa tunda la mahali ilipokusudiwa kutumika, na ingehamishwa hapo ingepotea.

Na kama sauti peke yake ingekuwa mwamuzi, taji lingekwenda Japani. Kampuni ya Stax ilikuwa imeshatoa mwaka 1960 hedifoni ya umemetuli, SR-1, inayotumia utando mwembamba mno wenye chaji ya umeme, ulioning'inizwa kati ya vibao viwili. Utando huo hauna koili ya kubeba, hivyo huitikia sauti kwa wepesi ambao mtindo wa koili huupata kwa shida. Wengi wenye masikio makali wanakubali kwamba teknolojia hii ni miongoni mwa bora zilizowahi kubuniwa, na Stax bado inaitengeneza. Haijawahi kuwa kipenzi cha watu wengi. Bei ni sababu mojawapo, lakini sababu ya ndani zaidi ni kwamba hedifoni ya umemetuli hudai volti kubwa na kikuza sauti chake maalumu, hivyo humfunga msikilizaji kwenye kiti kimoja, karibu na soketi ya ukutani. Ni watu wachache tu ambao maisha yao ya muziki yanapita kwenye kiti kimoja.

Tarehe 1 Julai 1979 swali la mahali lilijibiwa kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Siku hiyo Sony ilianza kuuza Japani kifaa cha kaseti cha rangi ya buluu na fedha, Walkman TPS-L2, kwa yeni 33,000. Hakikuweza kurekodi na hakikuwa na spika, na wengi, hata ndani ya kampuni yenyewe, walidhani hakitauzika. Kaseti haikuwa jambo geni, kwani Philips waliitoa tangu 1963, na ubora wake ulikuwa chini ya santuri. Kilichofanya Walkman iwezekane ni hedifoni yake. Hedifoni nzuri za wakati huo zilikuwa na uzito wa gramu 300 hadi 400, lakini maabara ya Sony ilikuwa na mradi mwingine wa hedifoni ya gramu zipatazo 50: utepe wa chuma na sponji mbili ndogo. Kwa sauti ilikuwa hatua ya kurudi nyuma, kwani besi ilipwaya na kelele za mtaa zilipenya. Lakini kwa mara ya kwanza mtu aliweza kusahau kwamba amevaa kitu kichwani, akatembea, akapanda treni, akakimbia, huku muziki ukienda naye. Mauzo ya mwezi wa kwanza yalikuwa ya kusuasua, kisha mwishoni mwa Agosti vifaa vyote 30,000 vya awali vikawa vimekwisha.

Kuna kitu kwenye Walkman hiyo ya kwanza kinachostahili kuangaliwa vizuri. Ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, na kitufe cha rangi ya machungwa ambacho, kikibonyezwa, kilishusha muziki na kuwasha maikrofoni ndogo ili wasikilizaji wawili wazungumze bila kuvua hedifoni zao. Mwenyekiti wa Sony, Akio Morita, ndiye aliyetaka iwe hivyo. Alipokuwa akiijaribu nyumbani aliona mkewe ameudhika kwa kuachwa nje, akahofia kwamba kusikiliza muziki peke yako mbele ya wenzako ni utovu wa adabu. Wanunuzi hawakukubaliana naye. Kila mmoja alitaka yake, na katika matoleo ya baadaye kitufe kile kikaondolewa, tundu la pili nalo likafuata. Hapa panastahili kujibiwa wale wanaosema kwamba hedifoni zimeua usikilizaji wa pamoja. Wasiwasi wao si wa kupuuzwa, maana mtengenezaji mwenyewe alikuwa nao. Mji wa Woodbridge, New Jersey, ulifika mbali hata ukapitisha sheria mwaka 1982 ya kumkataza mtu kuvuka barabara amevaa hedifoni. Lakini mahali ambapo Walkman ilitumika zaidi, yaani kwenye treni za Tokyo na njia za waenda kwa miguu za New York, hapakuwa na usikilizaji wa pamoja wa kuuawa. Palikuwa na kelele za injini na wageni wasiosemezana. Kile ambacho hedifoni ilikivunja kweli ni ile ruhusa ya kijana kubeba redio kaseti begani na kuwalazimisha watu wote wa mtaa wasikilize anachokipenda yeye.

Ndege nayo ilizaa kifaa chake. Mwaka 1978 Amar Bose, profesa wa MIT na mwanzilishi wa kampuni yenye jina lake, alipanda ndege kutoka Zurich kwenda Boston. Alipovaa hedifoni za abiria aligundua kwamba ngurumo ya injini inaumeza muziki wote, na kabla ya kutua akawa ameshaanza mahesabu ya dawa yake: maikrofoni ndogo isikilize ngurumo, saketi itengeneze wimbi lililo kinyume chake, na mawimbi mawili yafutane kabla ya kufika kwenye ngoma ya sikio. Marubani waliuziwa kifaa hicho kuanzia 1989, abiria wakasubiri hadi mwaka 2000. Mbinu hii huwa na nguvu zaidi kwa mvumo mzito usiobadilika, kama wa injini au feni, na hupungua nguvu kwa mazungumzo na vilio vya ghafla. Wachambuzi wengi wa sauti waliilaumu mwanzoni kwamba inaharibu muziki. Wasafiri waliinunua hata hivyo, na walikuwa sahihi, kwa sababu muziki ulioharibika kidogo husikika vizuri kuliko muziki safi uliozama ndani ya kelele.

Atakuja mwingine aseme kwamba kinachochagua ni mitindo na matangazo ya biashara. Iafoni nyeupe zilizofungwa pamoja na iPod mwaka 2001 hazikuwa na sifa kubwa ya sauti, na hazikukaa vizuri kwenye masikio ya wengi. Hedifoni za Beats, zilizoanza kuuzwa 2008 kwa jina la mwanamuziki Dr. Dre, zilisutwa na mafundi kwa besi iliyofunika kila kitu, na bado mwaka 2014 Apple ilizinunua pamoja na huduma yake ya muziki kwa dola bilioni 3. Pingamizi hili nalikubali zaidi kuliko yote yaliyotangulia, lakini naona linaiongezea hoja yangu nguvu. Hedifoni isingeweza kuwa pambo kama ingebaki chumbani. Ikawa pambo kwa sababu ilihamia hadharani, mahali ambapo macho ya watu ni sehemu ya mazingira sawa na kelele zao. Hedifoni kubwa inayoonekana pia hutoa taarifa: mvaaji hataki kusemeshwa kwa sasa. Katika ofisi zisizo na kuta, wengi huzivaa hata wakiwa hawachezi wimbo wowote.

Tuseme sasa kwamba mtu amelikataa hilo lote, naye anataka sauti tu. Bado atahitaji kujua sauti bora ni ipi na inauzwa bei gani, na hapo utafiti una habari ya kumsaidia. Mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha mwaka 2017 vipimo vya hedifoni 283 za kila aina, akakuta kwamba mwitikio wa sauti zao hauna uhusiano na bei zao madukani. Kabla yake, Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya Harman walikuwa wamewafanyia wasikilizaji majaribio yaliyoficha chapa, uzito na sura, masikio yakabaki peke yake kutoa hukumu. Wengi walipenda sauti inayofanana: ile ya spika nzuri ndani ya chumba cha kawaida kilichopangwa vizuri. Matokeo hayo yananivutia sana. Baada ya miaka yote ya ushindani, sauti tunayoipenda hedifonini ni ile inayotukumbusha mahali. Na kwa kuwa kiwango hicho sasa kinajulikana na viwanda vya bei nafuu vinaweza kukifikia, sauti inayotosheleza imeacha kuwa adimu. Kinachobaki adimu ni hedifoni iliyo sawa na siku ya mvaaji.

Hili linaonekana wazi Afrika Mashariki, ambako iafoni ya waya bado haijashindwa. Apple ilipoliondoa tundu la milimita 3.5 kwenye iPhone 7 mwaka 2016, ilisemwa kwamba waya umefikia mwisho. Lakini simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo au Luthuli zina redio ya FM, na redio hiyo haishiki stesheni vizuri mpaka iafoni ichomekwe, kwa sababu waya wa iafoni ndio antena yake. Anayetaka kusikiliza mechi ya Simba na Yanga akiwa shambani, bila kumaliza bando, anauhitaji waya huo kuliko anavyohitaji besi. Anauhitaji pia kwa kuwa hauchajiwi, na umeme ukikatika muziki hauishi mapema. Wanafunzi wawili kwenye safari ya usiku ya kwenda bara wanagawana iafoni moja, kila mtu sikio lake, kama familia za redio ya kioo zilivyofanya karne iliyopita. Huwezi kumwambia msikilizaji huyo kwamba amechagua vibaya. Amechagua kwa kuangalia mahali alipo, na muziki wenyewe haumlazimishi vinginevyo. Taarabu ile ile yenye qanuni na fidla itataka hedifoni ya wazi usiku barazani, na iafoni ya kuziba ndani ya daladala.

Kuna sababu moja ya mwisho ya kuanza na mahali, nayo ni afya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba vijana bilioni 1.1 wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya vifaa vya kusikilizia na kumbi za burudani zenye kelele. Kiwango ambacho shirika hilo na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano walikitoa mwaka 2019 kinamruhusu mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli tatu zikiongezeka, muda salama hupungua kwa nusu: kwa desibeli 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10. Watu wengi hawapandishi sauti kwa kupenda vishindo. Wanapandisha kwa sababu wamevaa kifaa cha chumbani wakiwa barabarani, kelele zinapenya, nao wanazifukuza kwa kuongeza muziki. Seli za ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena.

Kwa hiyo ukienda kununua, usikubali kuzijaribu ndani ya duka tulivu pekee. Mwombe muuzaji utoke nazo hadi mlangoni, magari yakipita. Weka wimbo unaoujua, anza na sauti ya chini, pandisha polepole mpaka maneno yasikike. Ukiona umevuka nusu ya kipimo cha simu na bado unapigana na mtaa, zirudishe, hata kama zimeandikwa besi gani kwenye boksi, na uombe zinazoziba sikio vizuri zaidi. Kisha zivae dakika kumi bila muziki wowote. Zikianza kukukera ndani ya dakika hizo, utaziacha nyumbani kabla mwezi haujaisha.